Amana ya Roshanbai

Jumatatu, 12 Januari

Msimu wangu umeanza. Kuna watu wana msimu wa mahindi, kuna wenye msimu wa embe, mimi nina msimu wa fomu. Kila mwanzo wa mwaka wakurugenzi tisa wa Tamrell, kampuni yetu inayotafuta shaba kaskazini ya Ontario, wanatakiwa kusema kwa maandishi wana hisa ngapi za kampuni, walinunua lini, waliuza lini. Mimi nawaandalia ripoti, wao wanatia sahihi, na kabla ya katikati ya Februari zinakwenda kwa mamlaka ya masoko ya mitaji. Wenyewe hawasomi. Mwaka juzi mmoja alitia sahihi orodha ya vyakula vya mkutano niliyoisahau katikati ya makaratasi, na tarehe akaweka.

Nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri. Basi la mtaani kwetu Thorncliffe lilichelewa hadi nikaacha kuihisi pua yangu.

Jumatano, 14 Januari

Mwanasheria wetu mpya, Nathanaël, kijana wa Uvira, anataka mwaka huu kila mkurugenzi alete na taarifa kutoka kwa dalali wake wa hisa.

"Mama Rukhsana, tusiamini bouche tu," aliniambia. "Iko lazima tuone karatasi."

Nilicheka. Miaka kumi na moja nafanya kazi hii kwa kuamini midomo ya watu, na sijawahi kukosea hata nukta. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa majivuno yangu yote.

Ijumaa, 16 Januari

Theluji. Fomu tatu zimerudi.

Jumanne, 20 Januari

Theluji tena. Fomu sasa zimefika sita.

Alhamisi, 22 Januari

Leo imekuja ya Ghulamabbas, ambaye sisi sote tunamwita Ghulambhai. Ana maduka ya vifaa vya umeme Richmond Hill, ni mjumbe wa bodi yetu, na imambara, ukumbi wetu wa ibada, hakuna jambo linaloamuliwa bila yeye. Mume wangu Abdulsultan alipofariki, yeye ndiye aliyenileta Tamrell kwa mkono wake na kuwaambia, "Huyu ni binti wa Tanga, mji wangu. Mpeni kazi, mtanishukuru." Naqiya alikuwa na miaka sita. Mkate aliokula mwanangu tangu siku ile umetokana na maneno hayo.

Taarifa ya dalali wake ina akaunti mbili. Ya kwanza ni yake, namba zinalingana. Ya pili ina jina la Roshanbai, mjane wa Flemingdon Park, mwalimu wangu wa Qur'ani nilipokuwa na miaka saba. Marehemu mumewe alikuwa mshirika wa Ghulambhai dukani, na sehemu yake ilipouzwa Ghulambhai alimnunulia hisa za Tamrell, elfu arobaini. Chini ya jina lake imeandikwa: mwenye mamlaka ya kununua na kuuza, Ghulamabbas. Na chini kabisa: tarehe 9 Oktoba, zimeuzwa zote.

Kumbukumbu za kikao cha bodi cha tarehe 6 Oktoba niliziandika mimi. Kikao hicho ndicho kilichoambiwa kwamba mashimo yote kumi na mawili hayana shaba ya maana. Ulimwengu ulitangaziwa tarehe 30, na siku hiyo hisa zetu zikawa karibu na bure.

Na kuhusu akaunti hiyo nilijua. Hilo ndilo linalonichoma. Miaka minne iliyopita nilimpigia simu Ghulambhai kumwuliza kama ana hisa zilizo kwa jina la mtu mwingine. Akasema, "Zipo za Roshanbai, lakini zile ni amana, mwanangu." Kwetu neno hilo likitajwa, mtu hamalizii swali. Ukiendelea kuuliza ni kama umemwita mwenzio mwizi. Nikaandika kwa penseli pembeni mwa fomu: "Za R., amana. Acha." Nikaacha, na kila mwaka baada ya hapo nikaacha tena. Lakini fomu haiulizi mali ni ya nani tu. Inauliza pia nani ana uwezo wa kuiuza.

Nimetoa fomu ya zamani kabatini. Penseli haijafutika.

Ijumaa, 23 Januari

Nimempelekea Nathanaël fomu zote za Ghulambhai, mpya na za zamani. Aliusoma ule mwandiko mara mbili.

"Amana," akasema. "Mimi ile neno naijua mu Biblia tu. Kwa hisa inamaanisha nini?"

"Kitu cha mtu ulichowekewa."

"Donc iko ya nani?"

"Ya mwenyewe."

"Na nani iko na ruhusa ya kuiuza?"

Swali fupi tu, na lingenichukua dakika moja miaka minne iliyopita. Nikamwonyesha kwa kidole jina la Ghulambhai kwenye taarifa ya dalali.

Akaeleza taratibu, kwa adabu, kana kwamba ananiambia habari ya ugonjwa. Ripoti za miaka yote minne zitasahihishwa. Kila fomu ya marekebisho ina mahali pa kuandika sababu. Na kwa kuwa ile penseli ndiyo ushahidi pekee wa kilichosemwa siku ile, itatafsiriwa na kuambatishwa. "Ni wewe uliandika, Mama, ni wewe utasema maana. Mimi nikitafsiri, avocat yake, mwanasheria ya Ghulamabbas, atasema Kiswahili ya Congo haijue kitu."

Jumapili, 25 Januari

Theluji ya kutisha, imefika magotini. Mabasi hayatembei. Nimeshinda ndani na Naqiya. Nilipomsimulia, aliendelea kupaka siagi mkate wake, kisha akasema, "Mama, just tell them you didn't know." Anaelewa kila neno langu na hunijibu kwa Kiingereza. Nilimwambia nilijua. Akasema, "Okay, but like, did you *know* know?"

Kwa hilo hata Kiswahili sikuwa nacho.

Jumanne, 27 Januari

Simu ya Ghulambhai. Ananialika chai Jumamosi.

Jumamosi, 31 Januari

Nimetoka Richmond Hill. Mkewe, Zeena, alinipokea kwa kachori na chai ya maziwa, akaniuliza habari za Naqiya, akatuacha. Ghulambhai amezeeka ghafla, au ni mimi sikuwa nikimwangalia.

"Rukhsana, listen," akasema. "Hii ni wording tu. Wanataka maana ya amana? Wape. Mali ya mwenyewe. Her own property. Nimekosea?"

"Hujakosea."

"Roshanbai mwenyewe ndiye aliyeniambia niuze. Mimi nilibonyeza tu. Mama wa watu hajui kompyuta, ningemkatalia?"

"Lakini tarehe, Ghulambhai. Siku tatu baada ya kikao."

"Coincidence." Akaweka kikombe chini. "Na hata isingekuwa coincidence, mwanangu, ungetaka niiache mali ya mjane iungue na mimi natazama? Ungekuwa wewe?"

Hapo alinipata. Nilimwona Roshanbai na mikono yake inayotetemeka, nikajisemea kama kuna dhambi hapa basi ni dhambi ya mtu mwema. Nikamwahidi nitaandika kama alivyosema. Ni kweli, au nusu yake ni kweli. Alinisindikiza mlangoni akiwa na kandambili kwenye baridi ile, akasema, "Fi amanillah," yaani katika amana ya Mungu. Tumekuwa tukiagana hivyo maisha yetu yote.

Nimerudi moyo mwepesi. Nilikuwa nimesahau raha ya kumwamini mtu.

Jumatatu, 2 Februari

Nimeandika tafsiri. Mstari mmoja. Sijaituma.

Alhamisi, 5 Februari

Bado sijaituma. Nathanaël hakuniuliza kitu. Huacha mlango wake wazi tu, na mimi napita mbele yake nikielekea kwenye mashine ya kahawa mara nyingi kuliko kahawa ninayokunywa.

Jumamosi, 7 Februari

Nimekwenda Flemingdon. Nilijiambia nakwenda kumjulia hali mwalimu wangu, na katika mfuko nilibeba machungwa ili uongo wangu uwe na uzito. Lifti mbovu. Nimepanda ghorofa tisa kwa miguu.

Roshanbai ana miaka themanini na moja, hana mtoto. Nyumba yake inanuka karafuu na dawa ya kuchua. "Kaa kitako, mwanangu," akasema. "Umekonda. Huli?"

Tulizungumza habari za magoti, za lifti, za Ramadhani inayokuja. Kisha nikamwuliza, polepole, kama ni yeye aliyemwambia Ghulambhai auze zile hisa.

"Kuuza? Nani atanunua maiti? Zimekufa zile." Akacheka kidogo. "Hukusikia? Nawe wafanya kazi huko huko. Shaba haikuonekana."

"Nani alikwambia?"

"Ghulambhai mwenyewe. Alikuja Novemba na boksi la tende. Akakaa hapo ulipokaa wewe. Akasema, 'Roshanbai, nisamehe, yote yamekwenda.' Akalia, masikini. Mwanamume mzima, machozi hadi kwenye ndevu."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyembembeleza. Nikamwambia hapana neno, ni mali tu. Safari yangu ya kuzuru makaburi ya Karbala ndiyo basi tena, lakini Karbala nimekwishakwenda mara moja, wangapi hawajaenda?"

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Oktoba aliuza kwa bei nzuri, Novemba akaja na tende kulia. Sikumwambia. Niliogopa uso wake. Nimeshuka ghorofa tisa nikiwa na hasira ambayo sikuwa nayo hata siku niliyozikiwa mume.

Jumapili, 8 Februari

Nimeshindwa kula. Nimefikiri juu ya ile kachori ya Zeena na nikaona aibu kwamba ilikuwa tamu.

Jumatatu, 9 Februari

Mwanasheria wa Ghulambhai ameleta rasimu ya marekebisho. Mahali pa sababu ameandika kwamba hisa hizo hazikuonyeshwa kwa miaka minne "kutokana na kosa la karani." Karani ni mimi. Jina langu halimo. Nimekuwa cheo tu, tena cheo ambacho sina, maana barua yangu ya ajira inasema afisa.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hajasema uongo kuhusu kosa. Kosa nililifanya. Ila anataka kosa langu dogo likalie juu ya lake kubwa lisionekane.

Jumanne, 10 Februari

Saa nne asubuhi nilimpigia Roshanbai nikamweleza yote: tarehe, kikao, kuuzwa. Nilimwambia na nitakachokiandika kesho. Kisha akasema, "Nina swala," akakata simu. Hakuna swala saa nne.

Jumatano, 11 Februari

Ile tafsiri ya mstari mmoja nimeichana. Nimekaa na karatasi tupu tangu asubuhi, na Nathanaël akanifungia mlango ili nisisumbuliwe. Nilianza kwa Kiingereza nikakwama. Nikaandika kwanza kwa Kiswahili, hivi:

"Amana ni mali ya mtu iliyo mikononi mwa mwingine. Aliyewekewa si mwenye mali, lakini ndiye anayeishika, na bila yeye haitoki. Haruhusiwi kuitumia kwa faida yake. Mwenyewe akiitaka, hurudishwa kama ilivyokuwa, na kama haipo, huambiwa ukweli ilikokwenda. Bwana Ghulamabbas aliponiambia hisa hizi ni amana, aliniambia kwamba si zake na kwamba ziko mkononi mwake. Nilisikia nusu ya kwanza. Nusu ya pili ndiyo iliyotakiwa kuandikwa katika ripoti, nami nilikuwa na wajibu wa kuiuliza na sikuiuliza. Kosa hilo ni langu, kwa miaka yote minne."

Halafu nikaongeza kikao cha tarehe 6, na maneno niliyoyasikia Flemingdon kwa Roshanbai. Nikatafsiri neno kwa neno. Nathanaël alisoma amesimama. Alipomaliza akaketi.

"Unajua hii itakufanya nini, Mama?"

"Najua."

"Unaweza andika ile ya kwanza tu. Maana ya neno. Ile ingine uiachie enquêteurs, bale benye kuchunguza."

"Nathanaël, mimi neno hili nimelikata nusu mara moja. Sitalikata tena."

Akanipigia muhuri wa kupokea.

Ijumaa, 13 Februari

Ripoti nne za marekebisho zimewasilishwa, pamoja na za mwaka huu. Mfumo ulizipokea bila kelele, mistari minne ya kijani. Maneno "kosa la karani" hayamo.

Jumanne, 17 Februari

Nimeachishwa kazi. Mkuu wa utumishi alikuwa na barua tayari, na boksi tupu la kutilia vitu vyangu, jipya kabisa, bado limekunjwa. Sababu ni kwamba ripoti nne zisizo sahihi zina jina langu mahali palipoandikwa "imeandaliwa na". Siwezi kusema wamenionea. Nimesema tu kwamba ningependa kumaliza kupanga kabati, wakasema hapana haja.

Nathanaël alinibebea boksi hadi kituo cha basi, bila koti. "Nilibishana nabo, Mama. Balikataa." Ghulambhai naye amejiuzulu bodi kwa sababu za kiafya, kwa barua ya shukrani na picha kwenye tovuti. Mamlaka watachunguza. Nathanaël anasema uchunguzi kama huo huweza kuchukua miaka.

Alhamisi, 19 Februari

Ramadhani. Daku ya chai na mkate.

Jumapili, 22 Februari

Imambara. Nilikaa upande wa wanawake kwenye mkeka, mahali pangu pa siku zote. Kulia kwangu pangeweza kukaa watu watatu, wakakaa kwingine walikobanana. Faudhia, ambaye nilimpikia uji siku zake arobaini za uzazi, aliniamkia kwa macho akapita.

Ghulambhai alikuwa mlangoni na sinia la tende, kama kila mwaka. Kila anayeingia anapewa moja ya kufungulia. Nilifikiri nitapita upande wa pili, lakini hakuna upande wa pili. Akanipa yangu.

"Chukua, mwanangu," akasema, kwa sauti ile ile.

Adhana ilipotoka nilikuwa bado nimeishika, imelainika mkononi. Nilifungua kwa maji.

Jumanne, 24 Februari

Nimempigia Roshanbai. Hakupokea.

Jumamosi, 28 Februari

Hakupokea. Nilikwenda hadi Flemingdon, nikabisha. Nilisikia redio ndani. Nimeacha machungwa mlangoni.

Jumatano, 4 Machi

Mvua ya barafu. Nimetuma maombi ya kazi matano. Kwenye kila fomu kuna swali: kwa nini uliacha kazi yako ya mwisho?

Jumatatu, 9 Machi

Nathanaël amenipigia, na nilijua kuna habari mbaya kwa jinsi alivyoniuliza habari za baridi kwanza.

Roshanbai ametia sahihi tamko mbele ya mwanasheria wa Ghulambhai. Anasema aliagiza hisa ziuzwe yeye mwenyewe, mwezi wa Septemba, kwa mdomo. Anasema fedha alipewa. Anasema Rukhsana alimtembelea, ndiyo, lakini hakumwelewa vizuri, labda kwa sababu yeye ni mzee na maneno yake hayapangiki.

"Sasa iko neno yako na neno yake," akasema Nathanaël. "Na yeye njo mwenye mali."

Nilimwuliza kama fedha alipewa kweli. Hajui. Mimi pia sijui. Naqiya alinikuta nimekaa chini jikoni, akakaa nami, akaweka kichwa begani kwangu. Akasema kwa Kiswahili, kibovu lakini Kiswahili: "Mama, usilie peke yako."

Alhamisi, 12 Machi

Nimemchukia Roshanbai leo, kutwa. Naliandika hili ili nisijifanye baadaye kwamba halikutokea.

Jumanne, 17 Machi

Theluji ya barabarani inayeyuka, na yote yaliyozikwa tangu Januari yanaonekana: glavu, makopo, viatu vya watoto, kimoja kimoja.

Jumamosi, 21 Machi

Idi. Sikwenda imambara. Nilipika pilau ya watu wawili, na saa sita mchana kengele ikalia. Roshanbai, na fimbo yake, na mfuko wa plastiki wa dukani ameukumbatia. Alikuja kwa mabasi mawili. Kiatu kimoja kimelowa.

Nilimketisha. Hakutaka chai.

"Nilitia sahihi," akasema.

"Najua."

"Fedha sikuziona. Nimesema nimeziona, sikuziona." Alikuwa akisema na mfuko, si na mimi. "Zeena aniletea chakula kila Ijumaa tangu mume wangu afe. Mumewe ndiye anipelekaye hospitali. Nina miaka themanini na moja, Rukhsana. Nikigombana nao, nani atanibeba?"

"Mimi nimefukuzwa kazi, mwalimu. Kwa maneno uliyoniambia kwa mdomo wako. Na wewe umeniita mwongo."

"Nimekuita mwongo," akasema. "Naam."

Hakuomba radhi. Nilingoja, hakuomba. Badala yake akaufungua mfuko. Ndani yake mna kitambaa cheupe kilichokunjwa, na kipande cha karatasi chenye muhuri wa Karbala. Sanda yake. Wazee wetu wasio na watoto huacha sanda kwa mtu atakayewazika, na ya Roshanbai ilikuwa kwa Zeena miaka kumi na miwili.

"Nimekwenda jana kuichukua. Nimemwambia nataka kuianika." Akaisogeza juu ya meza hadi ikagusa mkono wangu. "Hisa amekula, hapana neno. Hii siwezi kuilaza kwake tena. Niwekee. Ni amana."

Nilitaka kumrudishia. Wallahi nilitaka. Nilitaka aibebe tena kwa mabasi mawili, arudi nayo kwa watu aliowatilia sahihi. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitambaa na sikuuondoa. Nikamwuliza lile swali la Nathanaël.

"Ni yako. Sawa. Nani ana ruhusa ya kuifungua?"

Akaniangalia mara ya kwanza tangu aingie, kwa jicho lile alilokuwa akiniangalia nalo Tanga nikisoma aya bila kuruka.

"Wewe," akasema. "Siku hiyo. Wewe peke yako."

Naqiya alimsindikiza hadi kituo. Mimi nimechukua kalamu ya wino, si penseli, nikaandika juu ya mfuko: "Sanda. Ya Roshanbai. Iko kwa Rukhsana. Imepokewa 21 Machi." Kisha nikaiweka rafu ya juu ya kabati, mahali ambapo kila anayefungua ataiona.